Kusoma Mbio Bila Kuelewa

Mimi ni fundi cherehani. Kiingereza sikijui, nisikudanganye. Kila jioni binti yangu hukaa karibu na mashine, akanisomea kitabu cha Kiingereza. Husoma mbio mbio bila kukwama. Mimi hukanyaga pedali huku nimevimba kichwa.

Siku moja alirudi kutoka shuleni macho mekundu.

"Mama, nihamishe darasa," alisema. "Mwalimu mpya anatusimamisha kila aya. Anataka tubashiri kitakachofuata, tuulizane maswali, tuwaeleze wenzetu kwa maneno yetu wenyewe. Zamu yangu ikifika natetemeka."

Mtihani ulikuwa umebakiza wiki tatu. Akianguka, atarudia mwaka. Roho yangu haikutulia. Asubuhi niliacha nguo za watu, nikaenda shule.

Nikakuta wanafunzi wamekaa wawili wawili, kelele tupu.

"Mwalimu, hawa wanasoma au wanapiga soga?"

Hakukasirika. "Karibu, mama. Usiniulize mimi. Waulize wenyewe."

Msichana wa mbele alisema, "Zamani nilikuwa nangoja kengele tu. Sasa lazima nielewe, maana mwenzangu anasubiri nimweleze."

Mvulana mmoja alikunja uso. "Mimi siipendi sana njia hii. Tukikaa kwa makundi, waongeaji hawatupi nafasi."

"Ndiyo maana sasa tunapeana zamu," mwalimu alisema. "Na asiyeelewa anasema hajaelewa. Hachekwi mtu hapa."

Binti yangu alikuwa ameinamisha kichwa. "Mama, nisamehe. Nyumbani nasoma mbio ili usiniulize. Sielewi hata nusu."

Miaka miwili nimesikiliza sauti tu! Nilitaka kumgombeza. Lakini nani alikuwa akimsifu kwa hizo mbio? Ni mimi.

Tangu siku hiyo, kila aya nasimamisha mashine. "Haya, nieleze kwa Kiswahili." Mwanzoni alibabaika, nami roho juu. Kuna siku aya moja ilitumalizia jioni nzima. Polepole akaanza kuniuliza yeye: "Unadhani kitafuata nini, mama?" Nabashiri, nakosea, ananicheka.

Siku ya mtihani nilimngoja getini. Alitoka akanishika mkono. Njia nzima alinisimulia habari aliyoisoma kwenye mtihani: mjane, kisima chake, na majirani waliomgeuka wakakitwaa. Tulifika nyumbani sijamuuliza kama mtihani ulikuwa mgumu. Nilikuwa namuuliza kama yule mjane alirudishiwa kisima chake.