Herufi Mbili za Chaki

Fundi rangi alikutwa sakafuni, katika ukumbi wa zahanati mpya, saa moja na dakika arobaini asubuhi ya Jumatano. Alikuwa amekwisha kufa. Rangi ilimwagikia kiatu chake kimoja, na ngazi ya mbao ililala ubavuni kwake, mpya, bado inanukia randa. Kidato cha saba hakikuwa mahali pake.

Sajini wa upelelezi, ambaye wenzake walimwita Kobe kwa kuwa hajawahi kukimbilia jambo, alikiokota kile kidato chini ya benchi. Kilikuwa kizima. Hakikuvunjika wala hakikukatwa kwa msumeno. Kilichomoka kama jino la mtoto, na gundi kwenye ncha yake ilikuwa utando uliojikaukia peke yake bila kushika upande wa pili.

"Nilimpigia meneja wa karakana palepale, saa mbili kasoro kumi," alisema msimamizi wa ujenzi. "Nikamwambia, ngazi zako zimeua mtu. Akakata simu."

Saa tatu Kobe alifika karakana. Lilikuwa banda refu la mabati, na kila kilichokuwamo kilivaa unga wa mbao: meza, madirisha, hata kikombe cha chai cha meneja. Mashine zilikuwa kimya.

Meneja alimpokea mlangoni. Alikuwa shemeji wa tajiri mwenye karakana, na kazi hiyo aliipata kwa ushemeji, si kwa randa.

"Afande, sitakuzungusha. Mwenye kosa ni yule pale."

Alimwonyesha mwanamke aliyeketi kwenye kigogo, mikono yake imeganda gundi hadi kwenye viwiko. Walimwita Mama Gundi. Miaka kumi na moja alikuwa akigundisha ngazi na kuzibana kwa klampu, vile vyuma vya kushika mbao mpaka zishikane.

"Gundi yetu inataka masaa nane kwenye klampu," alisema meneja. "Yeye kafungua baada ya matatu. Maagizo yapo ubaoni, soma mwenyewe."

Ubao ulining'inia ukutani. Uliandikwa: NGAZI SITA ZA ZAHANATI. GUNDI SAA TANO. KLAMPU MASAA NANE.

"Nani kaandika?"

"Mimi, jana asubuhi."

Kobe aliusogelea ubao hadi pua ikakaribia kuugusa, akakaa hapo muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akauliza jambo lisilohusu ubao.

"Mashine ya msasa iliwashwa lini mara ya mwisho?"

"Jana, saa kumi hadi kumi na moja jioni. Tukafunga. Leo hatujawasha."

"Ufunguo wa mlango anao nani?"

"Mimi peke yangu. Leo niliwahi, wenzangu wakanikuta hapa saa mbili."

Kobe alianza na dereva aliyezipeleka ngazi zahanati. Huenda ngazi zilirushwa garini, zikalegea njiani.

"Nimerusha?" Dereva alicheka bila furaha. "Afande, hazikurushika! Nilipakia saa tisa kasoro robo zikiwa bado zinanata. Tazama shati langu." Begani palikuwa na doa gumu la gundi. "Nikamwambia meneja, bosi, hizi bado mbichi. Akaniambia wewe endesha gari, useremala waachie maseremala."

"Alikuwepo?"

"Alisimama getini anatazama saa kama anasubiri mwezi wa Idi."

Halafu Kobe akaketi kando ya Mama Gundi. Askari aliyekuja naye alikuwa tayari na pingu. Mama aliziona, akaficha mikono ndani ya aproni.

"Mama, klampu ulifungua saa ngapi?"

"Saa nane ya mchana. Kama ubao ulivyosema."

"Ubao unasema masaa nane."

"Leo unasema hivyo. Jana ulisema SAA NANE. Nilimfuata meneja nikamuuliza, bosi, ni saa nane ya mchana au muda wa saa nane? Akaniambia, soma ubao, mama, usinipotezee siku. Nikaona gari imeagizwa saa tisa. Nikajua ni mchana. Mwanangu, nitafungwa?"

"Kwa nini hamkuzibana ngazi zote tangu juzi?"

"Oda ilikuwa ngazi kumi na mbili. Klampu zinatosha sita. Sita za kwanza zililala kwenye klampu usiku kucha. Kila mwaka tunaomba klampu nyingine. Kila mwaka wanatuambia tubane matumizi."

Saa tano kamili tajiri aliwasili, kiatu kinang'aa. Kobe aliwaita wote mbele ya ubao, akawasha tochi na kuilaza pembeni mwa maandishi.

"Unga wa msasa wa jana umetua juu ya herufi zote," alisema. "Zimefifia. Ila hizi mbili."

M na A za mwanzo wa MASAA zilikuwa nyeupe pe. Chaki yake ilikaa juu ya unga, si chini yake, na zilibanwa kwenye nafasi ambayo hazikuachiwa.

"Ziliandikwa baada ya saa kumi na moja jana. Wewe, meneja, ulipigiwa simu saa mbili kasoro kumi. Wenzako walikuta mlango wazi saa mbili. Dakika kumi zinatosha herufi mbili."

"Nilikuwa nasahihisha tu," alisema meneja. "Nilimaanisha masaa tangu mwanzo."

"Kama ulimaanisha masaa, klampu zingefunguliwa saa moja jioni. Gari uliliagiza la saa tisa, na ulisimama getini likitoka." Kobe alizima tochi. "Uliandika neno lenye milango miwili. Ngazi zikifika salama, wewe ndiye uliyewahi oda. Zikiua, utasema mama hajui kusoma. Mtu alipokufa, ukarudi kuufunga mlango mmoja."

Meneja alimgeukia tajiri. "Shemeji, mweleze! Ulisema tukimwambia mteja 'kesho', ataenda kwa jirani. Klampu hutaki kununua, kuchelewa hutaki. Ningefanya nini?"

Tajiri alitazama viatu vyake. Hakuna sheria ya kumfunga mtu kwa kutonunua klampu.

Pingu zilivishwa mikono mingine. Meneja alikuwa bado hajafika kwenye gari simu ya mezani ilipolia. Tajiri akapokea.

"Ngazi nane? Ndiyo, ndugu yangu, jioni hii hii..."

Mama Gundi alifungua aproni yake, akaitandika juu ya klampu, akasimama kifua mbele. Kobe alisita mlangoni.

Tajiri aliitazama ile aproni. "Kesho," alisema. "Kesho jioni, ndugu." Akasikiliza, akaziba simu kwa kiganja. "Ameudhika."

"Aache audhike," alisema Mama Gundi. "Anayeudhika anapumua."