Mbegu za Shokishoki

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shuleni, Umi alifagia uwanja na kuanika korosho kwenye mkeka. Wiki ile aliifanya kazi hiyo akiimba, maana pembeni ya korosho aliweka mbegu nane za shokishoki.

Mbegu alizipata kwa shangazi yake, Mwanaima, aliyeleta mitumba kijijini kwao Rutamba kutoka Unguja tangu serikali iliporuhusu biashara hiyo. Safari hii alikuja pia na kikapu cha shokishoki, matunda mekundu yenye manyoya. Kijiji kizima hakikuwa na mti wa namna hiyo, na Umi alitaka wa kwanza uote kwao.

Alizianika siku nne, zikawa ngumu kama korosho, akazipanda kwenye makopo ya maziwa. Alimwagilia, akangoja. Wenzake hawakuacha kumuuliza. Siku ya kumi na nane, alipochoka, akajibu kwamba mbili zimeota na zina majani.

"Tuletee kesho, mwenzetu," alisema Fakihi, aliyekaa naye dawati moja. "Au mche wenyewe ni mwiko kuonwa?"

Mwalimu Valentini alifurahi kuliko wote. Alisema mche huo utakwenda kwenye maonyesho ya kilimo Lindi, pamoja na Umi. Moyo wa Umi uliruka, kisha ukanywea. Hakuwa amefika Lindi hata siku moja, na mche wenyewe haukuwapo.

Jioni alichimbua mche wa mkorosho nyuma ya nyumba, akauchomeka kwenye kopo. Kesho yake, Umi alipoingia tu darasani na kopo, Fakihi alichuma jani, akalifikicha na kulinusa.

"Mkorosho huu. Unamdanganya nani, Umi, watoto wa Rutamba?"

Darasa likaangua kicheko. Umi angeweza kusema amechukua kopo lisilo lake kwa makosa. Maneno yalishafika mdomoni. Akamtazama mwalimu, akaona bado anamngoja kwa matumaini.

"Nimedanganya, mwalimu. Haikuota hata moja. Na nilizikausha vizuri."

"Ulizikausha?"

Mwalimu akashika kichwa, akacheka bila kumdhihaki. Akaeleza kuwa mbegu ya shokishoki ikikauka hufa. Huoshwa nyama yake tamu itoke, ikapandwa siku ileile, kivulini, kwenye udongo wenye unyevu.

Mwezi uliofuata shangazi alirudi na kikapu kingine. Umi na Fakihi walipanda mbegu kumi siku hiyohiyo, vidole vikiwa bado vinanata. Siku ya kumi na nne Umi aliingia shuleni mbio, kopo kifuani, kandambili moja mkononi. Vichipukizi vitatu vilikuwa vimetoboa udongo. Watoto walisukumana kuvitazama, Fakihi akiwafokea wasivipumulie.

Mwalimu alipiga magoti kando ya kopo.

"Ungeng'ang'ania uongo," alimwambia Umi, "nisingejua kosa liko wapi, na leo tungekuwa tunamwagilia makopo matupu. Uliposema kweli ndipo tukapata pa kuanzia. Sasa jiandae kwa Lindi. Utawaonyesha watu jinsi ya kupanda, na utawaeleza pia ulivyokosea."

"Nitawaeleza, mwalimu," alisema Umi, na safari hii hakuinamisha kichwa.