Mlango Alioufungua Tshiela

Harufu ya etha, dawa ya usingizi, ilimfuata Tshiela mpaka nyumbani, ikakaa ndani ya mto wake. Akafua foronya mara tatu, akaianika juani. Harufu ikabaki.

Alikuwa muuguzi wa hospitali moja ya Kindu, enzi za Zaire, mjane wa mtu wa reli, nyumbani peke yake. Sizungushi maneno: alikuwa na kosa. Riziki, mke wa fundi cherehani, alipoletwa kupasuliwa jipu la paja, alimshika mkono.

"Mama Tshiela, nikilala, weye njo mulango wangu. Asiingie mutu mwingine."

Tshiela akakubali kuwa mlango wake. Riziki alipolala, Dokta Kankolongo akaita wanafunzi sita wajifunze kupima kizazi kwa vidole. Tshiela akawafungulia. Wa tatu alipovaa glavu, midomo ya Riziki ikasema, "Hapana."

"Etha njo inasema, si yeye," Dokta akacheka. Wakaendelea.

Tangu hapo, kila alipojilaza adhuhuri baada ya zamu, mwili ulimfa ganzi, macho tu yakiwa hai, akasikia viatu vikiingia, jozi sita, na glavu zikivutwa, na baridi ya vidole visivyo na mtu ikimpanda magotini, na alipojikaza mpaka midomo ikatoa "Hapana", kitu pembeni ya kitanda kikacheka: "Etha njo inasema."

Akamwendea Mwalimu Amuri, mponyaji, ambaye alinusa kitambaa cha kichwa cha Tshiela, akakirudisha upesi.

"Mama, hili jini mulilikaribisha ninyi. Limejifunza kwenu kuingia bila hodi."

"Nifanye nini, mwalimu?"

"Uliambiwa uwe mulango. Kuwa mulango."

Tshiela akaenda kwa Riziki, akamwambia yote. Riziki alisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akafunga.

Jumatatu hospitalini akaletwa mama mmoja kutoka Lokandu kupasuliwa. Kabla ya etha Tshiela akamwuliza, "Wanafunzi wanataka kukupima ukilala. Unakubali?"

"Ee! Nani anakubali vile?"

Mama alipolala, Tshiela akatia komeo mlangoni. Wanafunzi wakagonga.

"Sitwayeni Tshiela, fungua!" Dokta akaita; sitwayeni, mwananchi, ndivyo wanawake walivyoitwa enzi zile.

"Amekataa, Dokta."

"Si analala!"

"Alikataa akiwa macho."

Jioni alikuwa hana kazi.

Kesho yake adhuhuri alijilaza, akangoja. Viatu vikaja, jozi sita, vikasimama nje. Kisha mlango ukagongwa polepole.

"Hodi, mama. Tuingie?"

"Hapana."

Vikaondoka.

Vikawa vinarudi kila adhuhuri, vinauliza, vinaondoka. Hakuna mwingine aliyepiga hodi nyumba ile, wiki kwa wiki. Na siku moja Tshiela alichelewa kidogo kujibu.