Neno la Arobaini

Bibi yangu Loisi alisoma shule siku tisa tu, na siku hizo zilimtosha kumdharau mwalimu wake maisha yake yote. Nami namdharau, ingawa sikumwona.

Aliitwa Bartolomayo. Mtoto wa hapa hapa, njia ya kwenda Mvumi, aliyekulia nyuma ya ng'ombe wa baba yake. Akakaa pwani miaka mitatu, akarudi na viatu na kikohozi cha kujifanya bwana. Ilikuwa enzi ya Mdachi, reli ndiyo kwanza imefika Dodoma. Alipewa tembe la kufundishia. Watoto walikaa chini wakiandika kwa kidole vumbini, yeye akiandika kwa mkaa ukutani.

Wiki ile walikuwa kwenye herufi M. Mkaguzi, Mdachi mwenyewe, angekuja Jumamosi, na Bartolomayo alishajigamba bomani kwamba watoto wake wanajua maneno arobaini yanayoanza na herufi hiyo. Alhamisi asubuhi wakamtajia mbuzi, mtama, maji, moshi, mwiba, mzinga. Kufika saa sita mchana yalikuwa thelathini na tisa, na watoto wamekaukiwa maneno. Zamu ilikuwa ya Ruthu, dada yake bibi, msichana wa miaka kumi. Hakuwa na neno. Bartolomayo akashika fimbo, akamwambia kwa kejeli ataje basi hata jina la mama yake.

Mama yao, Mwajabu, alikuwa mtu wa Kondoa. Mwaka wa njaa alikwenda kwao kutafuta nafaka, akafia njiani, pasipojulikana. Kwa wazee wa pale, marehemu asiye na kaburi huzikiwa jiwe zizini, ndipo jina lake hutajwa tena. Ukimwita kabla ya hapo, huja kukuchukua. Yotham, baba yao, alikuwa akingoja mavuno apate pombe ya shughuli hiyo. Bartolomayo aliyajua haya yote kuliko alivyoijua herufi M.

"Mwalimu, hajazikiwa jiwe," Ruthu alinong'ona.

Akamchapa. Akaliandika jina ukutani, akamwamuru alisome kwa sauti. Na tazama uoga wa mtu yule: yeye mwenyewe hakulitamka. Alionyesha kwa fimbo tu. Akamchapa tena, na tena, mpaka mtoto akasema.

"Mwajabu."

Nje, kwenye jua kali, mwanamke akaitika.

"Abee."

Walichungulia. Hapakuwa na mtu. Nyayo za miguu mitupu zilikuja mpaka mlangoni. Hazikurudi.

Ijumaa kirago cha Ruthu kilikutwa kitupu. Yotham alizika jiwe asubuhi ile ile, bila pombe, huku akilia. Kisha akazunguka vilima vyote akimtafuta binti yake. Bartolomayo aliandika kwenye daftari kwamba ni mtoro. Bibi, mtoto wa miaka saba, alimwomba kwa machozi alifute lile jina, labda dada yake angeachiwa.

"Thelathini na tisa si arobaini," alimjibu.

Jumamosi Mdachi akakaa kwenye kiti. Fimbo ikapita ukutani, watoto wakasoma. Mbuzi. Mtama. Maji. Ikafika kwenye neno la mwisho. Watoto wakafunika midomo kwa viganja. Jasho likamtoka Bartolomayo, maana hata wakati huo alichoogopa ni cheo chake.

Ndipo sauti ya msichana ikasoma, kutoka mahali pa Ruthu, ambapo hapakuwa na mtu.

"Mwajabu."

Na nyingine, ya mtu mzima, nyuma yake kidogo.

"Abee."

Mkaguzi akatabasamu, akaandika kitu kwenye karatasi yake. Bartolomayo akainama akashukuru. Mtu mzima na viatu vyake, akashukuru.

Bibi alitazama vumbi la mahali pale. Palikuwa na alama za visigino vya mtoto aliyekaa. Kulia na kushoto kwake palikuwa na visigino vikubwa, vya mwanamke aliyempakata kwa nyuma. Alikimbia nyumbani na hakurudi shule.

Ruthu hakuonekana tena. Bartolomayo alipandishwa cheo.

Bibi aliishi mpaka uzeeni, na hakumwitikia mtu. Ukitaka kumwita, ulikwenda ukamgusa bega. Siku ya kufa kwake tulikaa kumzunguka. Akafumbua macho, akatazama mlangoni.

"Abee, dada," akasema.

Hakuna kati yetu aliyekuwa ameita.