Kanyaga Kabla ya Kona

Jumatatu, mchana.

Chumba cha nyuma ya gereji kilinuka oili na jasho. Shemeji alichora kwa chaki sakafuni njia ya kutorokea: mlango wa nyuma wa duka la sonara, uchochoro mfupi, kona kali, barabara kuu.

"Tabo inabaki," alisema.

Fundi alitupa spana mezani. "Tabo inasukuma hewa ndani ya injini ipate nguvu, lakini inazungushwa na moshi wa injini. Mwendo ukiwa mdogo, moshi hautoshi. Unakanyaga, unasubiri. Supachaja kazi yake ni hiyo hiyo, ila inavutwa na mkanda wa injini yenyewe. Ukikanyaga, hapo hapo."

"Inakula mafuta. Halafu inalia kama mbuzi."

"Bora ilie yenyewe kuliko tulie sisi."

"Wewe kwa maneno. Dada yako alinionya kabla sijamuoa."

Dereva alicheka. Walimwita Kimya kwa sababu hakunyamaza hata usingizini. "Tabo naijua, Fundi. Nakanyaga kabla ya kona. Yenyewe inajivuta, mimi nakata kona. Nikinyooka tu, nguvu hiyo. Nimezoea mpaka mguu unaota."

"Na risasi nazo zitasubiri tabo ijivute?"

"Bwana mdogo, funga nati," Shemeji alisema. "Kazi hii ikiisha, gereji hii ni yako. Hapo utabishana na kuta zako mwenyewe."

Wakacheka wawili. Fundi hakucheka. Gereji aliitaka kuliko dhahabu yote ya yule sonara: mahali ambapo neno la mwisho lingekuwa lake. Lakini gereji ilikuwa upande wa pili wa kona ile, na kona walikuwa wameikabidhi kwa tabo.

Jumatano, mchana.

Wenzake walikwenda kuuchungulia uchochoro. Fundi akafungua boneti. Hakuigusa tabo. Alifunga supachaja kuukuu pembeni yake, akaiwekea klachi ya umeme ya kuiunganisha na mkanda kwa swichi. Swichi ikiwa imezimwa, gari ni lile lile. Ikiwashwa, injini inapata pumzi ya pili papo hapo.

Swichi akaificha chini ya kiti chake cha nyuma. Hakumwambia mtu. Wangejua siku yenyewe, na Shemeji angeyameza maneno yake moja moja.

Alhamisi, asubuhi.

King'ora kililia. Shemeji akatoka mbio na begi kifuani, akajirusha kiti cha mbele.

"Ondoa."

Mlinzi mwenye bunduki alitokea nyuma yake. Kimya akatia gia. Fundi akainama, akawasha swichi.

Injini ikapiga mluzi mkali. Kimya aligeuza shingo kidogo, lakini mguu wake ulishaanza kufanya ulichozoezwa. Ulikanyaga kabla ya kona, mpaka chini.

Gari halikusubiri. Lilichomoka kama limetukanwa, kona ikawafikia kabla usukani haujazunguka, na ukuta ukaingia ndani ya boneti.

Vumbi. Vioo. Dhahabu miguuni. Shemeji aliuvuta mlango, mlango haukufunguka. Kimya alikuwa amebanwa, mguu bado juu ya pedali, injini ikipiga kelele.

"Umewasha nini?" alifoka.

"Supachaja."

"Umeifunga lini?"

"Jana."

Kimya akatema damu kwenye usukani. "Si ungeniambia tu? Nisingekanyaga."

Bunduki ilishafika dirishani. Fundi akainua mikono, akasema kwamba alisema, tangu Jumatatu alikuwa anasema. Lakini supachaja ilikuwa bado inalia, na hakuna aliyemsikia.