Unga Uliofagiwa

Asubuhi hiyo, ndugu zangu, mji ulinukia mikate kama kawaida. Mama mwoka mikate alipeleka ya kwanza dukani, akarudi akimwita bintiye aanze kukanda. Alimkuta chini ya meza, kichwa kimepasuka, roho imeshatoka. Unga ulikuwa umemwagika, na juu yake palikuwa na wayo mmoja wa kiatu: kisigino nusu, misumari mitatu.

Mwenye akili angeanzia hapo. Sisi tulianzia kwenye rangi.

"Ni yule mweusi!" kaka yake mama alipiga kelele. "Nimemwona akipita!"

Weusi mtaani walikuwa wawili tu, fundi viatu na mkewe. Miaka ishirini tulimwita Masizi, tukacheka, naye akatushonea viatu. Wanaume walimburuta mpaka kwenye tanuri.

"Mama, pole," alisema akihema. "Niache nitazame huo unga. Kila kiraka cha mji huu nimekipiga mimi. Nitakwambia kiatu cha nani."

"Usinifundishe msiba wangu, Masizi!" Mama akashika ufagio, akafagia.

Walimpiga mpaka akafa. Na polisi? Waliandika kwamba kesi imekwisha.

Wiki ya pili mjane alikuja na viatu. "Nimevikuta kibandani. Kaka yako alivileta asubuhi ileile, anataka kisigino kipya haraka. Mume wangu hakuwahi hata kuvigusa."

Mama akavigeuza. Kisigino nusu. Misumari mitatu. Kwenye mishono, unga uliogandia damu. Hapo akakumbuka kaka yake alivyogombana na binti juu ya nyumba ya marehemu babu. Akavibeba viatu mpaka polisi.

Kaka yuko jela sasa, amekiri. Mama alikwenda kupiga magoti kwa mjane.

"Mwanao aliuawa na ndugu yako," mjane alimwambia. "Mume wangu umemuua wewe. Alikuomba utazame tu." Akafunga mlango, na kesho yake akahama.

FUNZO

Msiniambie ni mambo ya mama yule peke yake. Sote tulikuwepo, na wengine tulishika fimbo. Rangi ya mtu si ushahidi. Anayemhukumu mtu kwa ngozi yake humlinda muuaji. Mama yule bado anaoka. Kila jioni huitazama ile sakafu, na ufagio hataki hata kuuona.