Kosa Halikuwa la Macho

Kila jioni mama mmoja humuuliza mwanawe swali lilelile.

"Leo umemponya nani, baba?"

"Mimi siponyi mtu, mama. Naangalia vioo tu."

Mama humpakulia chakula. Wanakula wawili tu, vijiko vikigonga sahani.

Bwana huyu ni mpimaji wa maabara hospitalini. Chumba chake kiko mwisho wa korido. Kina meza, hadubini na dirisha dogo la mbao. Wagonjwa huingiza kidole dirishani. Yeye hukichoma, huweka tone la damu kwenye kipande cha kioo, kisha hutafuta vijidudu vya malaria kwa hadubini. Huona vidole, haoni nyuso. Nani alipona, nani hakupona, haambiwi. Miaka tisa, jamani!

Miezi mitatu iliyopita alikosea. Vioo viwili vilikaa mezani bila majina. Akaandika jina la huyu kwenye kioo cha yule. Kwa bahati kosa liligunduliwa mapema, hakuna aliyedhurika. Lakini mganga mkuu alimfokea koridoni, mbele ya foleni nzima.

"Huna macho wewe?"

Tangu siku ile kila kioo anakisoma mara tano. Akigongewa anajibu, "Subiri." Basi wenzake wakambandika jina: Bwana Subiri. Alicheka nao, kisha akafunga dirisha akala peke yake. Mfukoni mwa koti lake ana barua. Anaomba ahamishiwe stoo, akahesabu mashuka. Shuka halifi ukilikosea.

Asubuhi moja kidole kidogo kiliingia dirishani. Kilikuwa cha moto.

"Fanya hima, kaka yangu," alisema mama wa mtoto. "Binti yangu anatetemeka."

Aliangalia. Malaria, tena wazi kabisa. Lakini sauti ile ikamrudia: huna macho wewe? Akaangalia tena. Na tena. Huko nje mtoto akatapika, akalegea.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Aliingia muuguzi wa wodi ya watoto.

"Umeona nini, kaka?"

"Subiri kidogo, Sista. Nahakikisha."

"Mara ya kwanza uliona nini?"

"Malaria."

"Na ya pili?"

"Malaria."

"Na ya nne?"

Bwana Subiri akachukua kalamu. Akaandika jibu. Muuguzi akaondoka nalo mbio.

Baada ya saa moja alirudi, akavuta kiti.

"Mtoto ameanza dawa. Sasa niambie. Siku ile kioo ulikisoma vibaya?"

"Hapana. Nilikosea jina."

"Ala! Kosa la jina, mbona unayaadhibu macho?"

Bwana Subiri akacheka. Kisha machozi yakamtoka, maana hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Mtu akidharauliwa, hata kazi anayoijua anaiogopa," alisema muuguzi. "Rekebisha kosa palepale lilipotokea. Muulize mgonjwa jina lake. Liandike kwenye kioo yeye akiona, ndipo umchome. Soma kwa utaratibu wako. Ukiwa na uhakika, toa jibu. Ukiwa na shaka ya kweli, mwite mpimaji mwenzako naye asome. Kuuliza si ujinga."

"Na mganga mkuu?"

"Huyo niachie mimi. Mtu huitwa pembeni akaelekezwa, hafokewi mbele ya foleni. Na mimi pia nina kosa. Nachukua majibu yako kila siku, sijarudi hata mara moja kukuambia yamesaidia nini. Nisamehe."

Siku ya tatu kidole kilekile kiliingia dirishani. Hakikuwa cha moto tena.

"Jina lako nani, mwanangu?"

Mtoto akalitaja kwa sauti. Akachungulia ndani.

"Wewe ndiye Bwana Subiri?"

"Ndiye mimi. Lakini leo hutasubiri sana."

Alikisoma kioo kwa utaratibu, mara moja. Hakikuwa na kijidudu hata kimoja. Akatoa jibu. Upepo ukataka kulifunga dirisha. Akaitoa ile barua mfukoni, akaikunja mara nne, akaikaza chini ya ubao wa dirisha. Likabaki wazi.

Jioni ile mama aliuliza kama kawaida yake.

"Leo umemponya nani, baba?"

Akaweka kijiko chini.

"Msichana mmoja, mama. Tumemponya mimi na wenzangu. Sogea nikusimulie."